Mavi ya Chuma

Meza yangu ya kwanza ina miguu minne, na mitatu kati yake inalingana. Wa nne umepungua milimita sita. Chini yake nimesukuma kipande cha flatiba ili isicheze, na mtu asiyeijua haoni tatizo lolote mpaka aweke gololi juu yake. Mjomba aliweka gololi. Aliiweka mbele ya vijana wote watatu wa karakana, akaiacha ibingirike taratibu mpaka ukingoni, ikaanguka sakafuni, kisha akaniambia, "Na hilo liandike kwenye kitabu chako."

Naandika.

Nilifika karakanani kwake Nyakato, jijini Mwanza, Julai mwaka jana, nikiwa na sura ya pili ya tasnifu kwenye mkoba. Nasoma shahada ya uzamili ya historia, na mada yangu ni wahunzi wa pande za magharibi na kusini za Ziwa Victoria: waliyeyushaje chuma, walikiuza wapi, na kwa nini waliacha. Msimamizi wangu alikuwa amenirudishia sura hiyo ikiwa na neno moja la kalamu nyekundu pembeni mwa sentensi moja. Sentensi yangu ilisema kwamba tanuri lilipopoa, wahunzi walikitenga chuma na mavi yake. Neno lake lilisema: "Unajuaje?"

Nilijua kwa sababu nilisoma. Mavi ya chuma ni neno halali la kamusi, japo darasani huwa linazua kicheko. Ni uchafu unaoyeyuka chuma kinapopatikana kutoka kwenye mawe yake, ukajitenga, ukapoa na kuwa kama jiwe jeusi lenye matundu. Wanaakiolojia wakiyakuta ardhini hujua kwamba hapo paliwahi kuyeyushwa chuma. Katika kurasa arobaini nilikuwa nimeyataja mara kumi na tisa. Sikuwahi kuyashika.

Mjomba ni kaka yake mama, Mhaya wa Bukoba vijijini aliyevuka ziwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 akaja kujifunza kuchomelea Mwanza. Nilipomweleza shida yangu alicheka. "Nshomile amekuja kusoma tena." Kwa asiye na ndugu Wahaya: nshomile maana yake ni "nimesoma", na nchi nzima hututania nalo. Hakunikatalia. Alinipa masharti tu: kabla sijagusa kazi ya mteja, nijitengenezee meza ya kuchomelea, halafu toroli la kubebea mashine.

"Lakini meza si ipo hapo, mjomba?"

"Hiyo ni yangu."

Ya kwake ni bamba la milimita kumi na mbili lililokaa juu ya fremu nzito, na pembeni yake kuna kipande cha reli kinachotumika kama fuawe. Kila kitu kinachotoka pale, mageti, madirisha, vitanda, majiko, kimepita juu ya bamba lile. Sikuelewa mwanzoni kwa nini mwanafunzi aanze na meza na si kitu cha kuuza. Nilielewa siku ya tatu, nilipojaribu kuunga fremu yangu sakafuni, juu ya saruji yenye mabonde. Huwezi kunyoosha kitu juu ya kitu kisichonyooka.

Fremu ilikuwa ya vyuma vya pembe, ambavyo pale huitwa engo: sentimita 120 kwa 80. Nilikata vizuri. Nilipima kona kwa kona, mishazari yote miwili ikatoa 144 na kidogo, nikajiona fundi. Kisha nikawasha mashine nikachomelea kona ya kwanza yote, juu na chini na ubavuni, nikaenda ya pili, yote. Nilipomaliza ya nne nikapima tena. Mshazari mmoja 145, mwingine 143. Fremu ilikuwa imejikunja kama chapati iliyoachwa juani.

Kosa hili hufanywa na kila anayeanza, na sababu yake ni rahisi. Chuma kikipata moto hutanuka, kikipoa hunywea, na kiungo kilichoyeyuka hunywea kikivuta kila kilicho karibu. Fundi hushikiza kwanza kwa matone madogo kona zote, anapima, anagonga kidogo kwa nyundo, anapima tena, kisha anachomelea vipande vifupi akiruka kutoka kona moja hadi ya mshazari wake ili mivutano ipingane. Mjomba hakuniambia kabla. Alisubiri nipotoshe kwanza, halafu akanipa grainda nikate viungo vyote na kuanza upya. Usiku huo macho yaliwasha kana kwamba yamejaa mchanga, kwa sababu mara kadhaa nilikuwa nimegusisha rodi kabla ya kushusha kofia. Mke wa mjomba aliniwekea kitambaa cha maji baridi usoni akaniuliza kama chuo kimefungwa.

Ila kulikuwa na kitu kingine katika kazi ile ya kukata na kurudia. Rodi ya kuchomelea imevikwa unga mkavu. Umeme ukiwaka, unga huo nao huungua, ukatoa moshi na ute unaofunika chuma kilichoyeyuka ili hewa isikiharibu. Ukipoa, ute huo huwa gamba jeusi juu ya mshono. Unalipiga kwa nyundo ndogo yenye ncha, linabanduka, na chini yake kuna chuma kinachong'aa. Nilikuwa nimebandua gamba kwa siku nne bila kufikiri. Siku ya tano kijana mmoja wa karakana, akifagia, alisema, "Dada, mavi yako yamejaa hapa."

Niliinama nikaokota kipande. Chepesi, cheusi, kioo upande mmoja. Si kitu kilekile kabisa na cha wahunzi wa zamani. Hiki kinatokana na unga wa rodi, kile kilitokana na mawe yenye chuma. Lakini ni ndugu: vyote ni taka iliyojitenga ilipoyeyuka, ikaelea juu ya chuma au kutiririka kando yake.

Magharibi mwa ziwa, si mbali na mji wa Bukoba, kuna kijiji kiitwacho Katuruka. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mtafiti Mmarekani, Peter Schmidt, alikwenda kule kusikiliza wazee kabla ya kuchimba popote, jambo ambalo wanaakiolojia wengi wa wakati huo hawakuliona kuwa la lazima. Wazee walimsimulia habari za mfalme Rugomora Mahe, aliyewaamuru wahunzi wamjengee mnara wa chuma ufike mbinguni. Mnara ulianguka. Walimwonyesha pia mti mkubwa ulioitwa Kaiija, na jina hilo lilibeba maana ya mahali pa kufulia chuma. Walipochimba karibu na mti huo walikuta mabaki ya kazi ya chuma ya kale sana, na makaa yaliyopimwa yaliashiria karne kadhaa kabla ya Kristo. Tarehe za mwanzo kabisa zimebishaniwa, maana mkaa wa mti mzee hutoa umri wa mti na si wa moto. Hata ukizisogeza mbele, bado unabaki na mti ambao watu walikumbuka kazi yake muda mrefu mno baada ya moto wake kuzimika.

Schmidt hakuishia kwenye mashimo. Mwaka 1976 wazee wa Kihaya waliowahi kuyeyusha chuma ujanani, na ambao walikuwa wameacha miongo mingi, walijenga tanuri upya ili kazi ionekane na kuandikwa. Haikutokea vizuri mara moja. Walikosea, wakabishana, wakajaribu njia nyingine. Miaka miwili baadaye Schmidt na mwenzake Donald Avery walichapisha makala katika jarida la Science wakidai kwamba hewa ilipashwa moto ndani ya mirija ya udongo kabla ya kufika kwenye makaa, na wataalamu wengine wakawapinga. Wanafunzi wa historia tunaupenda ubishi huo. Una majina makubwa pande zote mbili, na kurasa zake zinajaza sura haraka. Mimi pia niliujazia kurasa nane.

Nilichokuwa nimekiruka ni maelezo ya tanuri lenyewe. Shimo lilipakwa udongo wa kichuguu. Ndani yake majani ya bwawani yalichomwa mpaka yakawa makaa meusi. Mirija ya udongo ilikuwa minane. Na kuta zake zilipandishwa kwa vipande vya mavi ya chuma ya zamani, vikiungwa kwa tope. Yaani tanuri jipya lilijengwa kwa taka ya matanuri yaliyotangulia. Niliisoma tena sehemu hiyo jioni, nimekaa juu ya ndoo ya rangi karibu na fremu yangu iliyokatwakatwa, na nikaona kwamba hata wao walianza kwa kutengeneza cha kutengenezea. Tofauti ni kwamba walikuwa na vya waliopita vya kuanzia.

Mjomba alipenda habari hiyo. Hakupenda nyingine niliyomsomea: kwamba kwa wayeyushaji hao tanuri lilikuwa kama mwanamke anayezaa, hivyo wanaume walijitenga na wake zao wakati wa kazi, na wanawake walikatazwa kusogea. "Kwa hiyo mimi nimevunja mwiko?" aliuliza. Nikamwambia anayevunja ni mimi. Siku chache kabla, mteja aliyekuja kufuata geti alinikuta nimevaa kofia ya kuchomelea, akasubiri niivue, kisha akamuuliza mjomba fundi yuko wapi. Mjomba alimwonyesha kijana mdogo kuliko wote, aliyekuwa anakunywa chai. Nilikasirika siku nzima. Aliniambia geti lile lilikuwa la mtu mgumu kulipa, na kazi yangu bado haikuwa ya kuonyeshwa. Yote mawili yalikuwa kweli, na bado nina kinyongo.

Kusini zaidi, katika misitu ya upande wa Geita na Biharamulo, kulikuwa na Warongo. Watu huwataja kama kabila, lakini walikuwa zaidi ya hapo chama cha kazi: watu wa asili tofauti walioingia kwa kufundwa. Majembe kutoka kwao na kutoka Uzinza yalibebwa mpaka Usukuma na Unyamwezi. Jembe lilikuwa chombo cha shamba, na lilikuwa mahari pia. Binti aliyezuiwa kusogelea tanuri aliolewa kwa kilichotoka ndani yake. Kisha zikaja meli, reli na majembe ya viwanda vya Ulaya, ya bei nafuu. Kuyeyusha kulififia katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20. Kufua hakukufa. Wahunzi waligeukia chuma chakavu, kwa sababu kwa nini uchome mkaa wa msitu mzima kupata kipande ambacho springi ya lori inakupa bure?

Katika sura yangu nilikuwa nimeandika kwamba teknolojia hiyo "ilitoweka". Nilimuuliza mjomba kama katika ukoo wetu kulikuwa na mhunzi. Alisema babu yake alikuwa mhunzi. Alilisema hivihivi, akitafuta kipimo mfukoni, kana kwamba nimeuliza saa. Alimfundisha nini? Hakumfundisha kitu. Mjomba alizaliwa mzee tayari amechoka, vyombo vimeuzwa. Alipokuja kujifunza kuchomelea Mwanza alianza sifuri, kwa mtu baki, akilipa.

Fremu ya pili ilinyooka. Ikabaki juu yake, na bamba la milimita nane tulilipata kwa wauza chuma chakavu: ubavu wa tangi la zamani. Nilitaka kulikata palepale. Mjomba alinishika mkono. Tangi lilikuwa na nini? Muuzaji hakujua. Basi hatukukata mpaka tulipolijaza maji, maana mvuke wa mafuta hukaa miaka na unahitaji cheche moja tu. Tukiwa tunasubiri maji yajae alinisimulia habari ambayo mafundi wa kuchomelea wa rika lake hapa Mwanza wameibeba.

Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilipinduka ikikaribia Mwanza kutoka Bukoba. Mamia ya watu walikufa. Wengi wamezikwa Igoma, mwendo mfupi tu kutoka karakanani. Meli haikuzama mara moja. Sehemu ya tumbo lake ilibaki juu ya maji, na ndani kulikuwa na watu hai. Bamba likatobolewa ili kuwatoa. Hewa iliyokuwa inaishikilia meli ikatoka kwenye tundu, nayo ikazama. Mjomba alikuwa kijana, mwanafunzi wa kazi, na alikuwa na mtu wa kijijini kwao ndani ya meli ile. Hakusema nani. Alisema tu kwamba tangu siku hiyo hakati bamba lolote kabla ya kujiuliza nyuma yake kuna nini. Maji yalikuwa yamefika ukingoni mwa tangi. Alinipa mashine ya kukatia.

Bamba lilipokaa juu ya fremu nilipata meza, ukiacha habari ya mguu wa nne.

Jumapili moja tulishuka mjini, tukafika upande wa Bandari ya Mwanza Kusini, inakoonekana MV Mwanza, meli ya urefu wa mita 92.6 iliyobuniwa kubeba abiria 1,200 na tani 400 za mizigo, iliyoshushwa majini Februari 2023. Kila mtu huizungumzia meli. Mimi nilitaka kujua kuhusu chelezo. Mikataba iliposainiwa mwaka 2018, pamoja na ujenzi wa meli mpya na ukarabati wa Victoria na Butiama, kulikuwa na mkataba wa kujenga chelezo, yaani mteremko wa kujengea meli, kuishushia majini na kuipandishia inapougua. Meza, kwa maneno ya mjomba. Hakuna anayepiga picha na chelezo.

Ziwa hili limekuwa hivyo tangu mwanzo wa meli za chuma. SS William Mackinnon ilitengenezwa Uskoti, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa kwa bahari hadi Mombasa, ikasogezwa kwa reli mpaka reli ilipoishia, halafu vipande vikabebwa na wapagazi hadi Kisumu, vikaunganishwa kwa ribiti na kushushwa majini mwaka 1900. MV Victoria nayo ilijengwa Glasgow, ikafunguliwa, ikaunganishwa upya Kisumu na kuanza kazi mwaka 1961. Katika vitabu utapata jina la kiwanda, jina la tajiri aliyepewa heshima ya meli, tarehe ya kushusha. Waliobeba mabamba yale kichwani hawamo kwa majina, wala waliosawazisha ufuo ili bamba la kwanza lipate pa kulala. Nilipitia rundo la kurasa nikitafuta habari za ardhi ile ilivyotayarishwa. Nilipata sentensi mbili.

Toroli lilichukua siku mbili tu, na sina mengi ya kulisema. Lina rafu mbili, kulabu za nyaya, na magurudumu manne ya kitanda cha hospitali niliyoyapata kwenye chakavu. Nilichomelea vikalio vya magurudumu bila kuyavua kwanza, mpira wa mawili ukayeyuka, kwa hiyo linatembea likichechemea. Vijana wanaliita Mzee. Mashine ikiwa juu yake, linakwenda mpaka getini na kurudi, na hakuna tena anayebeba mashine begani.

Wiki ya mwisho nilimpigia bibi Bukoba. Nilitaka kumuuliza kuhusu babu yake mjomba, ambaye kwake alikuwa baba mkwe. Alikumbuka mikono yake, na kwamba hakupenda kelele. Kazi yake hakuikumbuka. Alipoolewa pale ilikuwa imekwisha. Nikamuuliza, bila matumaini, kama aliwahi kuona mawe meusi mazito, yenye matundu, yanayong'aa upande mmoja.

"Yale ya kwenye migomba?" alisema. "Yalikuwa mengi. Tuliyajengea jiko."

"Jiko gani, bibi?"

"Jiko la nje. Ninalopikia. Hayapasuki kwa moto kama mawe mengine."

Nilimuuliza kama bado yapo. Akasema niache maswali ya simu, yanamaliza salio, nije niangalie mwenyewe. Nimefuta neno "ilitoweka" ukurasa wa 31 na sijaweka lingine mahali pake. Tiketi ya meli ya Bukoba ninayo, ni ya Ijumaa usiku. Mjomba amenipa nyundo yangu ndogo ya kubandulia, imefungwa kwenye gazeti, na salamu kwa mama yake.